Kuondoa utando wa buibui kwenye rangi ya gari, Lodwar hadi Kakuma

Najua wengi wenu mnapita hapa kutafuta mambo ya SQL na programu za simu. Leo hakuna. Leo naandika kuhusu rangi ya gari, kwa sababu ndiyo kazi iliyonikaa kichwani wiki tatu nzima, na nilipotafuta maelezo yake kwa Kiswahili nilipata matangazo ya sabuni tu.

Habari yenyewe ni hii. Fedha za wafadhili zilipokatwa mwaka 2025, mkataba wangu wa kutunza mfumo wa kumbukumbu za stoo kwa shirika moja hapa Turkana haukuongezwa. Tangu hapo naishi kwa vibarua vya programu, mwezi huu kipo, mwezi ujao hakipo. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi na ada yake iko juu yangu. Tukakubaliana nyumbani kwamba gari liuzwe. Ni Toyota Axio, jeusi. Mnunuzi akapatikana Kitale, akaja Lodwar kuliangalia. Injini akaipenda, chini hakuona neno. Halafu akalizunguka saa saba mchana, jua likiwa utosini, akasema: "Kaka, rangi hii imechoka. Punguza elfu tisini, ama ulipeleke likapigwe rangi kwanza."

Elfu tisini kwetu ni ada ya muhula na chenji. Na kupiga rangi gari zima si dawa, maana hapa Kenya gari lililopakwa rangi upya husemwa liliwahi kubingirika, hata kama halijawahi kugusa mtaro.

Basi nikaanza kusoma. Alichokiona mnunuzi ni mikwaruzo midogo sana inayoonekana kama utando wa buibui kuzunguka mwanga wa jua. Ukisogea, utando unasogea nawe. Jambo lililonifurahisha (nisameheni, nimesomea sayansi ya kompyuta) ni kwamba mikwaruzo yenyewe si ya mviringo hata kidogo. Imelala kila upande, ovyo. Lakini mkwaruzo mwembamba hurudisha mwanga machoni pako pale tu unapokuwa umelala kukingama na njia ya mwanga huo. Kwa hiyo kati ya maelfu, jicho linachaguliwa ile tu inayozunguka jua kama pete. Tazama jua la asubuhi kupitia matawi makavu ya mathenge utaona jambo lile lile: vijiti vinaonekana kama kiota kilichosukwa kuzunguka jua, na hakuna ndege aliyekisuka.

Chanzo chake hapa kwetu hakihitaji utafiti. Mchanga una chembe za kwatzi, na ugumu wa kwatzi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile ambacho almasi ni 10. Chuma cha kawaida hakifiki hapo, sembuse rangi. Gari likikaa Lodwar siku mbili lina vumbi la kuandikia jina. Maji ni ya kununua kwa mtungi, kwa hiyo vijana wanaoosha magari wanaanza na kitambaa kikavu au chenye unyevu kidogo. Hapo tayari umepigwa msasa. Magari meupe ya mashirika yanaoshwa hivyo hivyo, ila nyeupe inaficha. Nyeusi haina siri.

Sasa, muundo wa rangi. Magari mengi ya miaka hii yana tabaka la rangi na juu yake tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu wanaliita klia. Rangi yote kwa pamoja, kutoka kwenye bati hadi juu, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni kama 40 tu. Unywele wa mtu ni kama 70. Kwa hiyo unachokitengeneza ni chembamba kuliko unywele, na njia ya kuondoa mkwaruzo ni moja: kupunguza klia mpaka ufike chini ya mkwaruzo. Haujazwi. Unashusha uwanja mzima ulingane na shimo. Na klia ndiyo inayokinga rangi na jua. Ikiisha, rangi inapauka na kubabuka, na kwa jua la huku, ambako joto la mchana huwa karibu nyuzi 35 mwaka mzima, haichukui muda. Kazi hii haina kitufe cha kurudisha nyuma wala nakala ya akiba.

Fundi wa kwanza niliyemuuliza hapa mjini alinipa bei nzuri, shilingi 2,500. Nikamuuliza atafanyaje. Angepaka mafuta yenye silikoni, yanajaa kwenye mikwaruzo, gari linang'aa kama kioo. "Siku nne litakuwa hivyo, na siku nne gari liko Kitale." Alisema bila kificho, na kusema kweli ni biashara ya kawaida sana. Fundi wa pili alikuwa na pedi ya manyoya aliyoifunga kwenye grainda. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya rangi hata ikiwa kali haifiki 3,500, na kazi nyingi hufanywa chini ya 2,000. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Dereva mmoja niliyefanya naye kazi ndiye aliyeniambia kuna Mkongomani Kakuma, upande wa kambini, ana mashine inayostahili. Kakuma iko kilomita kama 120 kutoka Lodwar, na siku hizi kuna lami, si kama zamani ambapo ungefika meno yakiwa na mchanga. Kumwita aje Lodwar haikuwezekana, maana mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unazungumzia kuondoa mambo kama haya. Kwa sasa mlima hauendi kwa mtu, nikaenda mimi.

Kambi ilianza 1992 na sasa ina mitaa, masoko na mafundi wa kila aina, ukiwemo huu wa magari. Fundi wangu anatoka Uvira na kazi alijifunza Bujumbura. Umeme ananunua kwa jirani mwenye jenereta. Wateja wake walikuwa madereva wa mashirika na wafanyabiashara, na aliniambia wazi kwamba tangu pesa za mashirika zipungue, wiki inaweza kupita bila gari. Hakuinua bei kwa sababu hiyo. Elfu kumi na mbili, siku mbili, nami nimsaidie kushika taa.

Mashine yake pedi inazunguka huku pia ikiyumba kwenye mhimili wa pembeni, kwa hiyo hakuna sehemu moja ya pedi inayosugua mahali pale pale mfululizo. Ni ya polepole kuliko ile ya mzunguko mmoja, lakini haichomi rangi kirahisi, na haiachi vile vivuli vya upinde ambavyo mashine kali huacha. Ukiikandamiza sana pedi inaacha kuzunguka na inabaki kutetema tu, haikati kitu. Fundi amechora mstari mweusi kwa kalamu kwenye bamba la nyuma ya pedi: mstari ukionekana kama ukungu, inazunguka, ukiuona wazi, umekandamiza. Nilipenda sana mstari ule. Nimelipia programu za kufuatilia seva zisizosema ukweli kwa uwazi hivyo.

Kabla ya mashine kulikuwa na kuosha, na kuosha kulichukua muda kuliko nilivyotarajia. Maji mengi kwanza bila kugusa, kisha ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa. Kisha ule udongo laini wa kutelezesha juu ya rangi yenye maji, unaong'oa chembe zilizojichomeka. Kisha kipimo.

Kipimo cha unene wa rangi nilikiazima kwa jamaa anayekagua magari. Kinasoma kwa sumaku umbali kati ya ncha yake na bati. Kwenye bampa za plastiki hakisomi kitu. Pia hakitenganishi klia na rangi ya chini, kinakupa jumla. Nilipima mara kumi kila paneli nikaingiza kwenye jedwali. Paa lilikuwa na wastani wa 108. Boneti 97, ila ukingo wake wa mbele 81. Milango mitatu kati ya 105 na 115. Mlango wa nyuma kushoto: 243. Ubavu wa nyuma yake: 290, na sehemu moja 410.

Nilirudia mara ya pili. Fundi alitazama namba akacheka. "Ndugu yangu, hii motokari iligongwa, ikapakwa. Hukujua?" Sikujua. Nilinunua kwa mtu, naye alinunua Mombasa.

Tulianza saa kumi na moja alfajiri. Saa tatu asubuhi bati jeusi tayari linaunguza mkono na kompaundi inakauka kabla haijafanya kazi, kwa hiyo tunaacha na kurudi jioni chini ya turubai. Kwanza jaribio: mraba wa nusu mita kwenye mlango, pedi laini na polishi nyepesi. Ukifuta ukaona haitoshi, ndipo unapanda kwenye pedi ngumu na kompaundi. Hakuna kuanza na kali. Sisi ilibidi tupande hatua moja. Mashine inakwenda polepole, mistari inayopandana nusu kwa nusu, mara nne kwa urefu na upana, kisha unafuta pedi, maana vumbi la klia iliyokatwa likijaa kwenye sponji unarudi kutengeneza mikwaruzo uliyotoka kuondoa. Baada ya kila paneli tulipitisha spiriti iliyochanganywa na maji, mafuta ya polishi yatoke, tuone rangi yenyewe na si mng'ao wa kukopa. Taa ya simu ilitosha kukagua.

Nilipima tena mwishoni. Wastani ulishuka maikroni 2 hadi 4 kila paneli. Kipimo chenyewe kina makosa ya maikroni 2 au 3, kwa hiyo bila zile mara kumi nisingeamini namba hizo. Kwenye ukingo wa boneti, penye 81, fundi alipita mara moja na polishi nyepesi akasimama. Mikwaruzo mirefu ilibaki pale. Nilimwomba apite tena kidogo. Akakataa, akazima mashine, akaniambia nimlipe kwa kilichokwisha fanywa kama siridhiki. Nilimlipa yote.

Nikiwa njiani kurudi nilifikiria ule mlango. Rangi sasa ilikuwa imelingana kiasi kwamba hakuna jicho lingeuona, hata saa saba mchana. Nilipofika Lodwar nilimpigia mnunuzi nikamweleza, kisha nikamtumia jedwali lote, mlango na ubavu nikiwa nimeupaka njano. Hakujibu siku mbili. Siku hizo mbili nyumbani hatukuzungumza sana.

Siku ya tatu alipiga. Aliuliza kama fremu ya chini iko sawa, nikamwambia apeleke fundi wake. Alimleta. Akapunguza elfu thelathini na tano, akalipa. Ada imelipwa. Jana fundi wa Kakuma alinitumia ujumbe: rafiki yake mnunuzi ana Premio jeusi, anauliza kama mwenye kipimo atakuja nacho.