Mgeni, Daftari na Mbuzi: Walimu wa Sekondari katika Turkana

Katika mtaala wa shule za sekondari za Kenya, istilahi "lugha za kigeni" kwa muda mrefu ilikuwa na maana finyu: Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Hicho ni lugha ya taifa, nacho kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, mfumo ambao sasa unaondolewa hatua kwa hatua. Uainishaji huu unafaa sana mjini Mombasa. Unapofikishwa Nariokotome, ukingoni magharibi mwa Ziwa Turkana, huanza kuyumba. Mtoto wa mfugaji au wa mvuvi wa huko aghalabu huingia Kidato cha Kwanza akiwa na lugha moja iliyo yake, yaani Ng'aturkana, na nyingine mbili alizokutana nazo darasani. Mwalimu wa Kiswahili aliyepangiwa shule ya pande hizo ni mwalimu wa lugha ya kigeni, apende asipende, hata kama barua yake ya kazi haisemi hivyo.

Wasahihishaji wa insha za kutoka kaskazini hulalamikia "makosa". Ingefaa kwanza waitazame lugha ambayo makosa hayo yanatoka. Ng'aturkana ni ya tawi la Niloti ya Mashariki. Haina sauti /f/ wala /v/ wala /z/. Irabu ya mwisho wa neno mara nyingi hunong'onwa tu, kiasi kwamba sikio la mtu wa pwani hudhani imemezwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayetamka "pedha" hakukosa bidii. Kwa upande mwingine, nomino za Ng'aturkana zina jinsia tatu, zinazotambulishwa na viambishi vya awali e-, a- na i-. Aliyekulia katika mfumo huo haishangai hata kidogo dhana ya ngeli. Kinachomlemea ni wingi wake. Ajabu ni kwamba mwalimu wa Kifaransa, ambaye huko ni adimu kama mvua, ndiye angekuwa na njia fupi zaidi, kwa kuwa jinsia ya nomino ni jambo ambalo wanafunzi wake wangelijua kabla hajalifundisha.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno "kigeni" lenyewe. Asiye Mturkana huitwa *emoit*, na neno hilo hilo ndilo humtaja adui. Kiswahili kimeikata dunia kwa namna nyingine: mgeni ni mtu asiyejulikana, lakini pia ni yule anayesubiriwa, ambaye mwenyeji hupona kwa kuja kwake. Mwalimu anapoifasiri methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" mbele ya darasa ambalo wazee wake wamezikwa kwa sababu ya uvamizi wa mifugo, hafasiri maneno tu. Anaomba imani ambayo historia haijaithibitisha. Wahakiki wanaopenda kusema kwamba methali ni hekima ya watu wote wangefaidika kukaa nyuma ya darasa hilo kwa kipindi kimoja.

Na historia hiyo ina mengi. Msafara wa Teleki na von Höhnel ulipolifikia ziwa mnamo Machi 1888, ulikuwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, pamoja na wapagazi waliozungumza Kiswahili. Basi Kiswahili kilifika ziwani kikiwa lugha ya biashara muda mrefu kabla ya kuwa somo. Baadaye wakoloni waliifunga Turkana, wakaifanya mahali pa kuwekea wafungwa. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung kuanzia 1953, kisha akazuiliwa Lodwar kuanzia 1959. Ulimwengu wa wasomi uliligundua jina la Nariokotome mwaka 1984 tu, Kamoya Kimeu alipoona kipande cha fuvu la mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mvulana huyo anajulikana London na New York. Wavulana wanaoandika insha huko leo hawajulikani hata Nairobi.

Hapa ndipo mwalimu wa Biashara anapoingia, na huenda kazi yake ya lugha ni ngumu kuliko ya mwenzake. Somo lake, lililounganisha masomo kama vile Uhasibu na Uchumi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hufundishwa kwa Kiingereza. Duka la Lodwar huendeshwa kwa Kiswahili: faida, hasara, deni, dalali. Boma huendeshwa kwa Ng'aturkana. Mwalimu huyo hana budi kuwa mfasiri kila siku, bila kamusi na bila mafunzo ya tafsiri.

Hali hiyo huonekana wazi zaidi Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, ikapokea baadaye Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo. Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 humo. Mwanafunzi anayesoma juu ya mahitaji na ugavi alfajiri huuza vocha za simu jioni. Katika darasa la Kiswahili, kijana wa Bukavu ana Kiswahili cha nyumbani ambacho mtihani unakiita kosa. Jirani yake wa Sudan Kusini anaanza na alfabeti ya adabu, "shikamoo" na "marahaba". Riwaya ya *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei ilipokuwa kitabu cha lazima kuanzia 2018, walitakiwa wajadili "maudhui ya ukimbizi" kwa alama kadhaa. Mwalimu aliyekuwa mkimbizi, anayelipwa posho badala ya mshahara, aliwafundisha kupanga hoja juu ya Ridhaa na nyumba yake iliyoteketea. Ni vigumu kujua nani hapo alikuwa mhakiki wa nani.

Rudi darasani kwa mwalimu wa Biashara. Ubaoni ameandika, kwa Kiswahili, "Mali bila daftari hupotea bila habari." P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1955, alionyesha kuwa Mturkana hutawanya mifugo kwa marafiki wa mbali, ili ukame au uvamizi usimalize vyote, na kila mnyama hukumbukwa pasipo maandishi. Mali hiyo haina daftari, wala haikupotea. Mwanafunzi mmoja huinua mkono na kuuliza: mbuzi ambaye baba alimpa rafiki yake wa Kibish, aandikwe upande wa mali au upande wa deni? Mwalimu hushika chaki, hutazama safu mbili alizochora, kisha huuliza darasa rafiki huyo anaitwaje.