Ni Nani Anakula Tokeni za Ploti?

Leo sina mahubiri marefu. Nina mambo ya stima, na nina jambo la kukiri mbele yako.

Ninaishi hapa Kondele, katika ploti ya nyumba sita. Nyumba sita, mita moja. Wewe unayekaa ploti unajua maana yake. Kila mwezi kila nyumba inatoa 1,200, msimamizi ananunua tokeni, na ikifika tarehe 20 mita inaanza kulia. Tunachanga tena. Huko kuchanga mara ya pili ndiko huleta maneno.

Mwaka jana maneno yalizidi, wakaniita nisuluhishe kwa sababu mimi ni pasta. Sikupima chochote. Niliangalia tu, nikaona nyumba ya mwisho kuna mama mjane anayeleta ngege na mbuta kutoka Dunga, anauza jioni kando ya barabara, na wanaobaki anawaweka kwenye friji. Nikasema mbele ya wote, "Mama, friji ya biashara haiwezi kulipiwa na watu wasioona faida yake." Wakaitikia amina. Mpendwa, nilijisikia vizuri sana kuitikiwa ile amina. Na mimi nilikuwa na friji nyumbani, lakini yangu niliiita ya familia.

Mama hakunijibu. Baada ya wiki mbili friji yake ilipakiwa kwenye mkokoteni ikaondoka.

Mwezi uliofuata tokeni ziliisha tarehe 22.

Hapo nikaona aibu kidogo, nikamwita kijana wa kanisani ambaye ni fundi wa stima. Hakuja na mashine yoyote. Aliniambia, "Pasta, tazama ile taa nyekundu kwenye mita." Chini yake kumeandikwa kwamba taa ikimulika mara 1,000, umetumia yuniti moja. Basi usiku tukaomba nyumba zote zizime kila kitu, tukabaki tumesimama gizani kama watu wa kesha, na tukaanza kuwasha kimoja kimoja.

Friji yangu ikinguruma, taa ilimulika mara tatu kwa dakika mbili. Basi. Na friji hainguruni saa zote. Inapumzika, inaanza tena. Ya yule mama haikuwa kubwa kuliko yangu.

Kisha fundi akauliza, "Na ile shawa?" Nilikuwa nimeweka shawa ya maji moto kwa ajili ya wahubiri wageni wanaotoka Eldoret, ambako asubuhi kuna baridi. Wageni walienda zao, sisi watano tukaizoea. Kisumu hii, joto hili, na sisi tunaoga maji moto! Tulipoiwasha, ile taa ilikuwa kama inatetemeka. Tulihesabu zaidi ya mara 80 kwa dakika moja. Watu watano, dakika kumi kila mmoja, ni yuniti nne kwa siku. Kwa mwezi ni 120. Friji ya mama ilikuwa kama yuniti moja kwa siku.

Nilikaa kwenye ngazi. Fundi alinyamaza tu, na nilimshukuru kwa hilo.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kabla hujaita kikao cha ploti, fanya hivyo usiku mmoja. Utakuta karibu kila mara tatizo ni kitu kinachochemsha: shawa, birika la umeme, jiko la koili, pasi. Taa ya LED ya wati 9, hata ukiisahau usiku kucha, inakula kama sehemu ya kumi tu ya yuniti, kwa hiyo acha kuwapigia watoto kelele za taa huku wewe unapiga pasi shati moja kila asubuhi. Piga zote Jumamosi, pasi ikiwa tayari ina moto. Kwa friji, funga mlango na kipande cha karatasi katikati, halafu kivute. Kikitoka bila kukaza, raba imechoka na baridi inatoroka.

Lakini kuna jambo jingine ambalo wengi hatulijui. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2023, nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi ilipangiwa kama shilingi 12 kwa yuniti, kabla ya kodi na tozo nyingine. Kutoka 30 hadi 100, kama 16. Ukipita 100, karibu 21, na ni kwa yuniti zako zote, si zile za juu peke yake. Sasa fikiria mita moja ya nyumba sita. Kuna bibi kwetu ana taa mbili na redio, hafikishi hata yuniti 20. Angekuwa na mita yake angelipa bei ya chini kabisa. Kwa sababu yuko nasi, analipa bei ya mtu mwenye shawa. Hata shawa ikizimwa, sisi sita kwa pamoja bado tunapita 100.

Shawa niliikata waya siku iliyofuata. Maji tunayaanika juani kwenye ndoo. Mwezi huo tokeni zilifika mwisho wa mwezi, zikabaki. Mwenye nyumba amekubali kila nyumba iombe mita yake. Fundi aliyesajiliwa na EPRA ameshakagua waya za nyumba tatu na kutoa cheti, ya bibi ikiwa ya kwanza.

Kwa yule mama nilienda jioni, mke wangu akiwa pamoja nami. Nilisema yote, hata ile habari ya amina. Alisikiliza huku akiparua samaki. Akasema, "Pasta, nimekusamehe. Lakini friji nilimuuzia mtu wa Manyatta kwa 6,000, na tangu hapo samaki wanaobaki nawauza kwa hasara usiku uleule."

Nikaita kikao kingine cha ploti, nikarudia maneno hayo mbele ya walewale. Hakuna aliyesema amina.

Nimekuwa nikimrudishia kidogo kidogo. Imefika 4,500, na nyumba mbili zimesema zitaongeza. Jumamosi hii tunaenda naye Kibuye kutafuta friji ya mtumba. Karatasi ya kupimia raba ninayo mfukoni.