Sukari na Melanoma

Jumanne, 6 Mei 2025
Nimemrudia Otto Warburg. Miaka ya 1920, akiwa Berlin, aliona kwamba seli za saratani hubugia glukosi kupita kiasi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo tele. Tangu hapo wengi wametamani kuukatia uvimbe chakula.

Jumapili, 11 Mei
Tarehe kama ya leo, mwaka 1981, alifariki Bob Marley, umri wake miaka 36. Melanoma yake, aina ya saratani ya ngozi, ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Sisi watu weusi hutupata zaidi huko, kwenye nyayo na kucha, ambako hakuna anayechungulia.

Jumatano, 14 Mei
Takribani nusu ya melanoma za ngozi zina hitilafu kwenye jeni ya BRAF, na hitilafu hiyo huisukuma seli kula glukosi bila kikomo. Dawa ya vemurafenibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huizuia. Uvimbe husinyaa upesi, mtu akashangilia. Kisha, kwa wengi, mwaka hauishi kabla haujarudi. Baadhi ya seli zilizosalia huwa zimegeukia mitokondria zao kupata nishati, hazitegemei tena glukosi kama zamani. Arjinini, aina ya asidi amino, nayo hivyo hivyo. Melanoma nyingi haziwezi kujitengenezea, huichota kwenye damu. Ikatafutwa dawa ya kuimaliza damuni, na baadhi ya seli zikaiwasha jeni iliyokuwa imelala, zikaanza kujipikia. Ukifunga mlango, hupita dirishani. Bado naiamini njia hii ya kuukatia uvimbe chakula, ila kwa dawa zinazoshirikiana. Dawa moja haitoshi.

Jumanne, 20 Mei
Wodini, binti wa mama mwenye melanoma ya wayo kaniambia: "Daktari, mama nimemkatia sukari, wali, hata ndizi. Nasikia saratani inakula sukari." Mama amekonda, kukaa tu ni kazi. Nikamweleza taratibu: ini hutengeneza glukosi hata mtu asipokula, na mwili ukikosa chakula huvunja misuli yake ili kuipata. Seli za kinga zinazopambana na saratani nazo zinaihitaji. Dawa za kuukatia uvimbe chakula hufanya kazi ndani ya seli au damuni, haziigusi sahani ya mgonjwa. Akauliza kama uji wa ulezi unafaa. Unafaa sana, nikamwambia, autie maziwa na karanga.

Jioni nimeandika karatasi ya kubandika kliniki: Ndugu, mlisheni mgonjwa wenu ashibe. Na ukiona doa jeusi linalokua au kubadilika kwenye wayo au chini ya ukucha, njoo tulitazame mapema.