Kutoka Kidichi hadi Uingereza: Mwaka mmoja wa mwanafunzi mbali na nyumbani

Ukipanda daladala ya Bububu kutoka mjini, kisha ukakata kulia kuingia barabara ya mashambani, hewa hubadilika kabla hujafika Kidichi. Joto la mjini linabaki nyuma, kivuli kinaongezeka, na kila baada ya hatua chache kuna mti ambao mazao yake yanajulikana katika kila jiko la Zanzibar: mkarafuu, mdalasini, mkungumanga, na mpilipili manga unaoparamia shina la mti mwengine. Huku ndiko watalii wanakoletwa kunusa majani na kukisia majina ya viungo.

Katikati ya mashamba hayo kuna jengo jeupe lenye makuba. Ni hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sultani Seyyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, aliyetoka katika ukoo wa Shah wa Uajemi. Ndani kuna vyumba vya kuogea na kupumzikia, na kuta zina nakshi za chokaa za maua, mitende na ndege, kwa mtindo wa Uajemi.

Wageni huambiwa kuwa lilikuwa jengo la anasa, na ni kweli. Lakini mzazi mwenye mtoto nje ya nchi anaweza kuliona kwa jicho jengine. Hapa palijengwa kitu cha Kiajemi kwa ajili ya mtu aliyekuwa mbali na Uajemi. Na bado, ndoa ile haikudumu. Binti wa Sultani, Bibi Salme, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886 kuwa Shehrzad alipewa talaka akarudi kwao. Hamamu ilibaki Kidichi, mwenyewe akaondoka.

Salme naye aliujua ugeni. Aliwahi kuishi Bububu, chini kidogo ya Kidichi, kabla ya kuondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuishia Ujerumani, ambako alipambana na baridi, chakula kigeni na lugha asiyoijua. Kwa hiyo simulizi ya mtu kuwa mbali na kwao si ngeni katika sehemu hii ya Unguja. Kilichobadilika ni msafiri wenyewe. Leo anaweza kuwa mtoto wa mkulima wa viungo, na safari yake ni ya masomo.

Kwa nini mwaka mmoja?

Uingereza ni miongoni mwa nchi zinazowavutia vijana wa Zanzibar kwa sababu shahada ya uzamili huko kwa kawaida humalizika ndani ya mwaka mmoja. Kuna ufadhili wa Chevening unaotolewa na serikali ya nchi hiyo, ambao humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili na arudi kwao baada ya masomo. Upo pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Wengine husomeshwa na familia, kwa akiba ya miaka na michango ya ndugu.

Mwaka mmoja unaonekana mfupi ukiwa uwanja wa ndege wa Kisauni unamuaga kijana. Kwa anayeuishi, ni mwaka wenye kasi. Masomo mengi huanza Septemba, na kabla hajazoea njia ya kwenda maktaba, kazi za kuandika zimeshaanza kudaiwa.

Siku yake inavyokwenda

Mara nyingi mwanafunzi hukaa chumba kidogo katika bweni au nyumba ya kupanga, akitumia jiko pamoja na wenzake wanne, watano au zaidi. Kila mmoja ana rafu yake kwenye friji. Akikaanga samaki kama alivyozoea nyumbani, kengele ya moshi inalia na jengo zima linaweza kutakiwa kutoka nje. Nguo hufuliwa kwa mashine ya kulipia. Hakuna jirani anayegonga mlango kuleta sahani ya vitumbua. Mtu anaweza kuishi ukuta kwa ukuta na mwenzake kwa miezi bila kujua jina lake.

Chakula cha kwao kinapatikana, lakini kwa kukitafuta. Katika miji yenye Waasia wengi, kama Leicester, Birmingham na London, kuna maduka yenye tui la kopo, hiliki, ndizi mbichi na nyama halali. Aliyekulia Kidichi akichuma mdalasini kwenye mti, huko hununua vijiti vichache ndani ya pakiti.

Jambo linaloshangaza zaidi ni jua. Zanzibar mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. London katikati ya Disemba, jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaingia ndani ya muda wa saa nne hivi. Mwanafunzi anaingia darasani mapema kukiwa na giza na kutoka kukiwa na giza. Mwezi Juni mambo hugeuka: jua huzama baada ya saa 3 usiku, na usingizi unakuwa kazi.

Kisha huja sikukuu. Idi ikiangukia siku ya kazi, vipindi vinaendelea kama kawaida. Kijana aliyezoea nguo mpya, pilau na matembezi ya siku kadhaa hujikuta kwenye basi akielekea chuoni, akitazama picha za nyumbani kwenye simu. Vyuo vingi vina chumba cha kusalia na jumuiya za wanafunzi Waislamu, na siku kama hiyo ndiko anakoweza kupata watu wa kula nao.

Afya: yanayofaa kujulikana kabla ya safari

Mtanzania anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa kupima kifua kikuu kabla ya kuomba viza. Pamoja na viza hulipwa ada ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 2024. Wazazi wengi huihesabu kama gharama nyengine tu ya viza. Maana yake ni kwamba kijana tayari amelipia huduma za afya za umma, na kumuona daktari hakumgharimu tena. Dawa anazoandikiwa na matibabu ya meno ndivyo vinavyoweza kulipiwa.

Lakini huduma hiyo haimfuati chumbani. Anatakiwa kujiandikisha mwenyewe katika kituo cha daktari wa mtaa anaoishi, na wakati mzuri ni wiki ya kwanza, akiwa mzima. Asisubiri mpaka homa imshike. Kwa ushauri wa ugonjwa usio wa dharura hupiga simu 111, na kwa dharura 999.

Kijana mwenye selimundu anahitaji maandalizi zaidi, kwa sababu baridi inaweza kuchochea maumivu makali. Abebe barua ya daktari wake inayoeleza ugonjwa na dawa anazotumia, na aikabidhi siku anayojiandikisha. Hivyo hivyo kwa mwenye pumu, kisukari au kifafa.

Kuna na suala la vitamini D, ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa jua. Mamlaka za afya za Uingereza hushauri kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi, na watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Ni kidonge kidogo kinachouzwa madukani bila cheti cha daktari.

Kwenye begi, viungo vikavu vilivyosagwa na kufungwa vizuri ni zawadi nzuri. Nyama na vyakula vya maziwa, samli ikiwemo, haviruhusiwi kuingizwa kutoka Tanzania. Bora kujua hilo nyumbani kuliko kunyang'anywa uwanja wa ndege.

Ugonjwa usio na homa

Upweke ndio mzigo ambao haupimwi kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Huja taratibu. Kijana anaacha kupika, analala mchana, anakosa vipindi, anajibu ujumbe kwa neno moja. Akipigiwa simu anasema yuko sawa, kwa sababu anakumbuka mchango wa shangazi, mkopo wa baba na kuku waliochinjwa siku ya kumuaga. Anaogopa kuambiwa hana shukrani.

Mzanzibari anayejulikana zaidi duniani kwa kuandika juu ya hali hii ni Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kufika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana. Alisoma Canterbury, na kwa muda alifanya kazi ya uhudumu hospitalini. Amewahi kueleza kuwa alianza kuandika akisukumwa na kukumbuka nyumbani. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Wazazi huipenda sehemu hiyo ya mwisho. Ipo nyengine inayofaa kukumbukwa. Gurnah hakuweza kurudi Zanzibar hadi mwaka 1984, na safari hiyo ilimuwezesha kumuona baba yake muda mfupi kabla ya mzee huyo kufariki. Zama zile barua ilichukua wiki. Leo sura ya mtoto inaonekana kwenye simu kwa sekunde, na bado familia inaweza kukaa miezi mitatu bila kujua kuwa anaumia.

Tatizo mara nyingi ni maswali. "Masomo yanaendeleaje?" hujibiwa "Vizuri." "Pesa zimefika?" hujibiwa "Zimefika." Mazungumzo yanaishia hapo. Maswali madogo hufungua zaidi: Leo umekula nini? Umepika na nani? Jana ulilala saa ngapi? Umetoka nje mchana? Mzazi akisikia kwa wiki mbili mfululizo kwamba mtoto hali vizuri, halali au hatoki, hiyo ni dalili ya kufuatilia.

Vyuo vya Uingereza vina washauri wa wanafunzi, na huduma yao kwa kawaida ni bure na ya siri. Daktari wa mtaa pia hutibu msongo na sonona kama anavyotibu kifua. Asiye na wa kuzungumza naye usiku anaweza kupiga bure namba 116 123 ya Samaritans, taasisi inayosikiliza watu wenye dhiki. Kumuombea dua mtoto ni jambo jema, na kumwambia aende kwa daktari ni jambo jema pia. Moja halizuii jengine.

Kazi za muda nazo zinataka kuzungumzwa mapema. Viza ya mwanafunzi wa shahada humruhusu kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Akizidisha, anavunja masharti ya viza. Familia inayotarajia atume pesa kila mwezi inaweza kumsukuma huko bila kukusudia. Ni vyema makubaliano ya pesa yafanyike kabla ya safari, yakiwa wazi: nani analipa nini, na mtoto hatarajiwi kutuma kitu chochote mwaka huo.

Kwa mzazi aliyebaki nyumbani, hesabu ya mwisho ni ya saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu, na miezi iliyobaki kwa saa mbili. Ikiwa Kidichi ni saa 3 usiku katika majira ya baridi, kule ni saa 12 jioni, giza limeshaingia zamani na mwanafunzi amerudi chumbani peke yake. Hiyo ndiyo saa nzuri ya kupiga simu. Muache aweke simu juu ya meza ya jiko, apike huku mnazungumza.