Sauti Iliyo Nyuma ya Pazia

Mara ya kwanza nilipoiona filamu ya Singin' in the Rain nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, nimekaa juu ya mkeka nyumbani kwa jirani, mbele ya kanda ya video iliyokwisha kuchakaa. Nje mvua za masika zilikuwa zikinyesha. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kuokoteza, cha kamusi moja isiyo jalada, kwa hiyo maneno mengi yalinipita. Hakunipita yule mtu mzima aliyefunga mwavuli wake katikati ya mvua, akaikumbatia nguzo ya taa, akarukaruka madimbwini kama mtoto aliyewaponyoka wazee wake, kisha mwavuli akampa mpita njia. Sisi watu wa visiwani twaijua mvua kuwa ni neema, na twaijua pia paa linapovuja. Sikuwahi kumwona mtu akiifanya mwenziwe wa ngoma.

Filamu hiyo ilitoka Marekani mwaka 1952, ikiongozwa na Stanley Donen pamoja na Gene Kelly, ambaye ndiye huyo mchezaji wa mvuani. Linalomvutia mtunzi wa mashairi ni kwamba nyimbo zake nyingi zilikuwa kuukuu. Mtayarishaji wake, Arthur Freed, ndiye aliyezitungia maneno miaka mingi nyuma kwa muziki wa Nacio Herb Brown. Huo wenye jina la filamu ulikwisha kusikika sinemani mwaka 1929. Betty Comden na Adolph Green walikabidhiwa nyimbo, wakatakiwa watunge hadithi ya kuzibeba. Nani kati yetu asiyeijua kazi hiyo? Ni mfano wa kupewa vina na kibwagizo, kisha ukaambiwa utafute maana. Wao maana waliipata katika umri wa nyimbo zenyewe: hadithi wakairudisha mwaka 1927, sinema bubu ilipoanza kusema.

Hapo ndipo Lina Lamont, nyota wa sinema bubu, anapofikwa na msiba. Uso wake ni wa malkia, lakini sauti yake yakwaruza kama bati. Basi Kathy Selden, msichana asiyejulikana, anafichwa ili amsemee na kumwimbia. Mwisho wake kila aliyeiona anaukumbuka: Lina achezesha midomo jukwaani, Kathy aimba nyuma yake, wanaume watatu wavuta kamba, pazia lapanda, na watu wamwona mwenye sauti. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Naamini mvua ndiyo ituitayo kwenye filamu hii, na pazia hilo ndilo liturudishalo.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuwa mfasiri, nilisoma habari iliyonifadhaisha. Debbie Reynolds, aliyeigiza Kathy, alikuwa na miaka 19, hakuwa mchezaji wa kufundishwa, na miguu yake ilitoka damu kwa kucheza. Jasho lake hakuna awezaye kulipunguza. Lakini ule wimbo ambao Kathy anaonekana akiurekodi kwa niaba ya Lina, aliuimba mwanamke mwingine, Betty Noyes, na jina lake halimo katika orodha ya washiriki. Na maneno ambayo Kathy anamsemea Lina yalisemwa na Jean Hagen, yeye mwenyewe mwigizaji wa Lina, kwa sauti yake ya asili, iliyokuwa nzuri. Filamu ilipandisha pazia moja, ikaacha jingine limeshuka.

Sisi tuliokulia filamu za Kihindi hatushangazwi na sauti ya kuazima. Twajua kwamba Raj Kapoor aliimbiwa na Mukesh, na jina la Lata Mangeshkar lilitajwa majumbani mwetu sawa na majina ya waigizaji. Kuazima sauti si aibu. Aibu ni kuficha jina.

Nami nilikuwa na kinyongo changu. Kitabu cha kwanza nilichokifasiri, hadithi za mabaharia, kilitoka bila ya jina langu, si juu wala ndani. Kisa hicho nilikisimulia kila baraza, nikijifananisha na Kathy. Baada ya kusoma habari za Betty Noyes, niliufungua mswada wangu wa zamani ili niliwaze donda langu. Pambizoni nikakuta maneno niliyopewa na nahodha mmoja mzee wa mtaani kwetu: matlai, mbisho, demani. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba mabaharia waliinua tanga.

“Tanga haliinuliwi, mjukuu wangu,” aliniambia. “Hutwekwa.”

Miezi miwili nilikwenda kwake kila baada ya alasiri. Waliyoyasifu wasomaji katika tafsiri ile yalitoka kinywani mwake. Kitabu kilipochapishwa tena, jina langu likatiwa, nikaombwa dibaji. Niliandika kurasa tatu. Nahodha sikumtaja, naye alikuwa hai bado.

Sasa ameshatangulia mbele ya haki. Nilikwenda kwa wanawe, nikawaeleza. Waliniomba jina la baba yao lisomwe kwanza ndani ya kitabu chenyewe, nami nimekubali. Toleo la tatu likitoka, litakuwamo ukurasa wa kwanza, juu ya langu.

Kila masika bado naitazama filamu ile. Siku hizi namwangalia Kathy kidogo tu. Macho yangu huwa kwenye mikono ya wale wavutao kamba.