Maktaba isiyokula MB

Leo tuongee habari ya maktaba. Mashirika yakija kuuliza vijana wanataka nini, sisi tunajibu haraka: kompyuta na intaneti. Mimi nasema hilo si jibu lote.

Tangu 2020 masomo ya sekondari Uganda yamebadilika. Si kama zamani, mwalimu anasoma noti na wewe unaandika. Sasa anakupa kazi ya utafiti, utafute mwenyewe, na kazi hizo zinachukua alama 20 kati ya 100. Kundi la kwanza la mtaala huu lilifanya UCE mwaka 2024. Haya, mtoto wa Senior 3 kule Lobule au Rhino Camp atatafuta wapi? Kitabu ni kimoja kwa benchi nzima. Simu ya smart ni moja nyumbani, na bei ya data ya siku ni nyanya na mafuta ya mboga ya jioni. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa, mama atachagua mboga. Hata mimi ningechagua mboga.

Tena mtandao wenyewe umekuwa mzito. Zamani ukurasa ulikuwa maandishi na picha mbili. Siku hizi ukifungua tu, video inaanza bila kukuuliza, matangazo yanaruka, MB zinaisha hujafika mstari wa tatu.

Shirika moja (jina naliacha) lilituletea kompyuta 6 na modemu. Siku za kwanza foleni ilifika nje. Mradi ulipoisha hakuna aliyelipia data, kompyuta zikabaki za kucheza karata.

Kitu kinachotufaa ni kisanduku. Ni kompyuta ndogo, kwa mfano Raspberry Pi, inaenea kwenye kiganja na inakula umeme kidogo sana. Inatoa wifi yake yenyewe bila intaneti. Ndani unaweka Kiwix, iliyoanza 2007 ili watu wasome Wikipedia bila mtandao, na Kolibri yenye masomo ya hesabu na sayansi. Unakaa chini ya mwembe, unafungua simu, unasoma, MB sifuri. Wikipedia nzima ya Kiswahili inaingia kwenye kadi ya memori ya kawaida. Wakongo waliokuwa kambini Burundi walipata Ideas Box, maktaba ya masanduku yenye vitabu na vifaa vya dijitali, tangu 2014. Kwa hiyo hii si ndoto.

Lakini kisanduku kinazeeka. Lazima mtu akibebe kila mwezi mpaka Arua, kilomita kama 55 kutoka Koboko, penye mtandao mzuri, aweke mambo mapya. Nauli ya mtu huyo sijawahi kuiona kwenye bajeti ya mradi wowote.

Na kuna kazi ambayo kisanduku hakiwezi. Bursari nyingi siku hizi zinaombwa mtandaoni. Kijana jirani yangu alijaza fomu yote vizuri, mwisho tovuti ikatuma namba za kuthibitisha kwenye simu. Laini ilikuwa ya mjomba wake, na mjomba alikuwa amesharudi Yei nayo. Tulipiga simu mpaka saa sita ya usiku, haipatikani. Siku ya mwisho ikapita. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Ndiyo maana nasema data kidogo ya maktaba iwekwe kwa fomu tu, na pawe na mtu wa kukaa na wewe, mtu ambaye kabla hujaandika hata jina anakuuliza: laini hii ni ya nani?

Halafu lugha. Wakakwa wako nchi tatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini, lakini mtandaoni Kikakwa ni kidogo mno. Wenye hadithi tunao hapa hapa Lobule. Simu inatosha kuwarekodi, na sauti zinaingia kwenye kisanduku kile kile. Mzee mmoja ameshakubali, ila anataka kwanza tumletee betri za redio yake.