Sisi wa Gari Lisilo na Maji

Jina hilo tulipewa mitaani, nasi tuliofanya kazi ya zimamoto mjini Tanga tulilibeba mpaka tukastaafu. Hatukulipenda, lakini hatukugombana na mtu. Aliyeunguliwa nyumba hajibizwi. Huachwa aseme mpaka moyo upoe. Leo wengi wetu wameshatangulia mbele ya haki, na vijana waliotupokea kazi wanasikia kejeli ileile, hivyo naona ni haki niwasemee wenzangu.

Gari lilikuja na maji. Lita 5,000 ni mzigo mkubwa ukiuona barabarani, lakini pampu ikitoa lita 1,000 kwa dakika, tangi huwa limekauka kabla baba mwenye nyumba hajamaliza kuhesabu wanawe. Maji ya gari ni ya kuanzia tu. Kazi humalizwa na maji ya mji, yale yanayopita chini ya barabara na kuchotwa kwenye haidranti. Ndiyo maana katika enzi zetu kijana mgeni hakukabidhiwa mpira kabla ya kutembezwa kwa miguu eneo lote la Ngamiani, barabara kwa barabara, zile zenye namba badala ya majina, mpaka aweze kuonyesha gizani kila kifuniko cha chuma kilipo. Na penye nyumba za makuti tulitumia zaidi ndoana yenye mpini mrefu: unavuta paa la jirani chini kabla cheche hazijalifikia, huku jirani mwenyewe akikulaani. Kesho yake huja kushukuru, au haji.

Moto wa mkonge ulikuwa jambo jingine. Asiyewahi kuuona hudhani robota la mkonge likimwagiwa maji limezimika. Maji huishia nje. Ndani, penye nyuzi zilizoshindiliwa, moto hujificha na kula taratibu, ukaja kuzuka wakati watu wameshakwenda kulala. Dawa yake ni kulitoa robota nje, kulikata kamba, kulichambua kwa mikono na kulilowesha fungu kwa fungu. Hatukuwa na mitungi ya hewa mgongoni. Tulifunga kitambaa kibichi puani, tukaingia. Kikohozi mnachokisikia kwa baadhi yetu barazani si cha uzee peke yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mamlaka za miji zilivunjwa na madaraka yakapelekwa mikoani. Nia ilikuwa kuvipa vijiji haki yao, nami silaumu nia. Ila zimamoto lilikuwa limelelewa na halmashauri ya mji, na ghafla likawa kama yatima aliyegawiwa kwa ndugu wenye watoto wengi. Halmashauri za miji ziliporudishwa mwaka 1978, Vita vya Kagera vikafuata, kisha ile miaka ya foleni ambayo wazazi wenu wanaikumbuka: mafuta ya shida, vipuri havipo, hata sabuni ya kufulia gwanda ni ya kutafutwa. Mpira ukitoboka tuliufunga kwa tyubu kuukuu za baiskeli. Gari likikataa kuwaka tulilisukuma, na watoto wakasukuma nasi wakicheka. Lakini zamu haikuachwa wazi.

Nyinyi mliotupokea kazi mmekuta mambo yamepangwa. Tanga imekuwa jiji tangu 2005. Sheria ya mwaka 2007 imekitoa kikosi mikononi mwa halmashauri na kukifanya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lenye vyeo na nidhamu, na mwananchi hupiga 114 tu. Enzi zetu mtoto alitumwa mbio mpaka kituoni, akafika hana pumzi ya kutaja mtaa. Nawaona mabinti ndani ya magwanda na nafurahi, ingawa baadhi ya wazee wenzangu bado wanaguna. Hata moto mnaopambana nao si ule wa vibatari tuliouzoea. Wenu ni wa nyaya zilizozidiwa mzigo na mitungi ya gesi, nao haumpi mtu nafasi ya kufikiri mara mbili.

Hata hivyo, kuna mahali tulipowazidi kwa bahati tu. Njia zilikuwa wazi. Siku hizi ukuta umesogea, kibanda kimesogea, na juu ya vifuniko vya haidranti kuna mahali pamemwagwa zege na watu wanauza chipsi. Askari akifika na tangi lake, likakauka, akahangaika kutafuta pa kuchota, jina letu la zamani hugeuka kuwa lake, tena linatamkwa na yuleyule aliyefunika kifuniko.

Wamebaki wenzangu wachache wanaokumbuka vifuniko vilipo. Ofisa yeyote kijana akitaka kuonyeshwa, aje na sururu na kibali cha kuvunja zege. Kutembea polepole bado tunaweza, asubuhi kabla jua halijawa kali.